Andalio la Somo: Kwenda Kununua Nguo za Mazoezi

Wenzangu wa mwaka wa kwanza, orodha ya shule za mazoezi ya kufundisha ikishabandikwa, najua mtakachofanya wiki hiyo hiyo. Mtakwenda sokoni kutafuta nguo za ualimu. Bumu likiwa limeingia ndiyo kabisa, mtaenda kwa makundi. Mimi nilienda hivyo hivyo nikiwa mwaka wa kwanza, na nataka niwaeleze kilichonipata, maana kilinigharimu hela ya mama na alama za darasani, vyote viwili.

Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja cha Umatengo, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Nilipompigia mama simu kwamba tunatakiwa tuonekane walimu, hakuuliza maswali mengi. Aliuza maharage aliyokuwa ameyaweka, akanitumia elfu sitini. Nikaongeza elfu arobaini yangu, ikawa laki moja. Jumamosi moja mchana nikaenda nayo sokoni, sijala, nimefuatana na marafiki watatu, sina karatasi wala wazo lolote zaidi ya hayo maneno mawili, "nguo za ualimu".

Nilirudi na suti nyeusi ya sketi ya elfu 35, blauzi tatu nyeupe nyepesi za elfu nane nane, viatu vya kisigino vya elfu 25, na gauni lisilo na mikono la elfu 12 ambalo mpaka leo sijui lilikuwa la kazi gani. Rafiki yangu alisema limenikaa. Ikabaki elfu nne.

Nikapangiwa sekondari huko huko Mbinga, milimani. Julai Mbinga ni baridi, ile ya asubuhi ambayo watoto wanafika shuleni wameficha mikono ndani ya sweta. Mimi ni mtoto wa kule, nimekua na baridi hiyo, lakini nguo nilizinunua huku natokwa jasho kwenye jua la mji wa chuo, na akili ikasahau kabisa. Blauzi zilikuwa nyepesi kiasi cha kuonyesha kila kilichovaliwa ndani. Wiki ya kwanza tu nikakopa elfu 15 ninunue sweta, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kahawa, muuzaji hakushuka hata shilingi mia tano.

Lakini baridi haikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa suti. Sketi ilibana magotini: kupanda bodaboda ni kukaa upande, na njia ya kupanda kilima kwenda shuleni nilikuwa nakwenda kwa hatua za kuku. Koti nalo lilibana kwapani. Nikisimama tu, napendeza. Nikiinua mkono kuandika tarehe juu ya ubao, mshono unalia. Nikaanza kuandika kuanzia katikati ya ubao kwenda chini, bila hata kujijua. Wanafunzi wa nyuma wakawa wanasimama ili waone, na mimi nawakemea wakae! Msimamizi wangu alipokuja kunikagua, kipengele cha matumizi ya ubao alinipa alama ya chini kuliko vyote. Aliniuliza kwa upole tu, "Mwalimu, juu huku hakuandikiki?" Sikuwa na la kujibu. Ningemwambia nini, kwamba nimenunua koti?

Suti ile niliivaa mara tatu. Elfu 35 gawanya kwa tatu, ni karibu elfu 11 na mia saba kwa kila siku niliyoivaa. Viatu vya kisigino nilivivaa mara mbili. Nilikaa na hesabu hiyo usiku mmoja nikakumbuka maharage ya mama, na ndipo nilipoamua kwamba mwaka wa pili nitajiandaa kama tunavyojiandaa kuingia darasani. Hakuna anayetufundisha kuingia darasani bila andalio la somo, tuwe tunalipenda au hatulipendi. Kuna malengo, kuna zana, kuna kujua mwanafunzi ameshajua nini kabla hujamwongezea. Sokoni tunaingia kichwa kitupu, halafu tunashangaa.

Mwaka wa pili nilipangiwa mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwa wasiokujua, wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kutoka Mbinga mjini kushuka mpaka Mbamba Bay ni kilomita 66. Ni karibu, lakini ukishuka unabadilisha dunia. Milima ya Umatengo ina sehemu zinazokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 500. Asubuhi unapanda basi na sweta, mchana unalibeba mkononi. Kwa hiyo swali langu la kwanza safari hii halikuwa "nguo gani nzuri". Niliuliza huko ninakokwenda kukoje na nitafanya nini kila siku. Nikampigia dada mmoja aliyefanyia mazoezi Liuli mwaka uliotangulia. Katika dakika kumi alinipa mambo ambayo duka lolote lisingenipa. Kwamba kuna joto, nguo za nailoni zitanishika mwilini. Kwamba sehemu ya njia ni mchanga, kisigino kinazama. Na kwamba miezi ile upepo wa mwera unavuma kwa nguu, sketi pana nyepesi itanipandia kichwani mbele ya kidato cha pili. Hilo la upepo nisingeliwaza kamwe.

Nikauliza pia taratibu za shule. Serikali ina waraka wake wa mavazi ya watumishi wa umma, jinzi na nguo za kubana hazimo, lakini shule nazo zina desturi zao, hasa zile za taasisi za dini. Ni simu moja tu kwa mwalimu wa taaluma. Usione aibu, wao wanapenda kuulizwa.

Halafu nikafanya kazi ambayo nadhani ndiyo iliyookoa hela nyingi kuliko zote. Nilimwaga begi langu lote kitandani. Lote, hata zile nguo za chini kabisa. Kumbe nilikuwa na sketi ya kitenge niliyoshonewa sikukuu ya Krismasi, nzima kabisa. Nilikuwa na shati jeupe la kidato cha sita, la pamba nzito, ambalo nilikuwa nalitumia kulalia. Na suti ile ya aibu nikaipeleka kwa fundi cherehani. Akaigeuza ndani nje, akanionyesha kwamba mshono wa sketi una kitambaa cha ziada karibu inchi moja kila upande. "Hii inaachiwa, mwalimu." Kwa elfu tatu ikawa sketi mpya. Koti alisema halina akiba kwapani, tusijidanganye, nikaliacha.

Sasa fanya hesabu na mimi. Nina sketi mbili na shati moja. Nikiongeza sketi moja na blauzi mbili, zinakuwa sketi tatu na blauzi tatu, na iwapo kila blauzi inakubaliana na kila sketi, napata mivao tisa. Wiki ya shule ina siku tano. Lakini sharti ni hilo la kukubaliana. Blauzi yenye maua makubwa haikai na kitenge, hivyo inavaliwa na sketi mbili tu, na tayari umepoteza mivao. Ndiyo maana kwenye karatasi sikuandika "blauzi nzuri". Niliandika: blauzi mbili, pamba, rangi moja isiyo na maua, mikono inayofika kwenye kiwiko, si nyeupe. Sketi moja, rangi ya bluu nzito au kahawia, chini ya goti, isiyobana wala kupepea. Si nyeusi, kwa sababu chaki. Aliyewahi kufundisha vipindi viwili mfululizo na sketi nyeusi anajua ninachosema, unatoka kama fundi wa chokaa. Viatu bapa vya kufunika. Basi.

Zana yangu ilikuwa kamba. Tepu ya fundi ingefaa zaidi, lakini sikuwa nayo, nikachukua uzi mnene wa kufungia magunia. Nikaifunga fundo kwa kipimo cha kiuno, fundo jingine nyonga, jingine mabega, kutoka kwenye nguo zangu ambazo tayari zinanikaa vizuri. Kwa nini usitegemee namba iliyoandikwa kolani? Kwa sababu mitumba inatoka kila nchi. Namba 12 ya Uingereza ni karibu na namba 8 ya Marekani, na sehemu nyingi za Ulaya ni kama 40. Juu ya hapo, mwenye nguo wa kwanza huenda aliifua kwa maji ya moto ikarudi, au aliipunguza kwa fundi. Namba inabaki ile ile, nguo si ile tena. Na sokoni kwetu chumba cha kujaribia hakuna. Ukibahatika utashikiwa khanga. Kuna wanaozungusha kiuno cha suruali shingoni, wakisema ikifika shingoni inafika kiunoni. Kwa wengine inakubali. Kwangu imewahi kunidanganya mara mbili, kwa hiyo mimi na kamba yangu.

Siku ya kwenda nilikula ugali kabisa. Nilitaka kwenda peke yangu, nikaishia kwenda na mwenzangu mmoja wa kiume ambaye naye alikuwa na orodha yake, na tulikubaliana hakuna kumwambia mwenzio "imekukaa" mpaka ameulizwa. Hela niliigawa: elfu arobaini ndiyo bajeti yote, elfu tano nimeitenga kwa fundi, mfuko mwingine. Nilinunulia Mbinga mjini, nikiwa njiani kushuka ziwani.

Inafaa uelewe soko lenyewe linavyokwenda. Belo linafunguliwa asubuhi. Mara nyingi lina kilo 45 za nguo za aina moja, blauzi tupu au sketi tupu, na muuzaji mwenyewe analifungua bila kujua kilichomo. Amenunua kwa imani kama wewe tu. Za kwanza kuchaguliwa ndizo za bei. Kadiri siku inavyokwenda, zilizobaki zinashuka, jioni zinatupwa chini kwenye turubai kila moja bei moja. Ukitaka uchaguzi nenda asubuhi, ukitaka bei nenda jioni. Huwezi kupata vyote viwili, na anayekuambia unaweza anataka kukuuzia kitu. Kwa kitu ambacho lazima kikae sawasawa, kama viatu, mimi naona bora asubuhi. Blauzi subiri jua lishuke.

Na msimu una sauti yake. Mbinga kahawa inachumwa kuanzia Mei au Juni na kuendelea, na malipo ya wakulima yakianza kutoka, soko linachangamka, mabelo yanafunguliwa mengi, lakini bei inakaza shingo. Ukiwahi kabla ya malipo unaongea vizuri. Kule ziwani nilikuja kuona jambo kama hilo kwa upande wa usipa. Wavuvi wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wengi wanalala nyumbani, hela mtaani inapungua, na wauza nguo wanakuita wenyewe. Mwenzangu alipata shati zuri la mikono mirefu kwa buku mbili, siku ambayo mwezi ulikuwa mzima. Sisemi mpange ratiba zenu kwa mwezi, lakini ulizeni wenyeji.

Nilipofika kwenye sketi, nikatoa kamba. Kiuno sawa, nyonga sawa. Halafu nikaomba khanga, nikaivaa juu ya niliyokuwa nayo, nikafanya mtihani wangu. Nikachuchumaa, kama ninayesahihisha daftari la mtoto wa dawati la mbele. Nikapiga hatua ndefu, nikainua goti. Kwenye blauzi ndiyo nikainua mkono wa kulia juu kabisa na kuandika hewani tarehe, somo na mada. Yule mama muuzaji akaniangalia mpaka akashindwa.

"Mwanangu, kwani unakwenda kwenye mazoezi ya viungo?"

"Hapana, mama. Nakwenda kufundisha."

"Haya, basi inua na huo mkono mwingine, wapo wanaoandika kushoto."

Tukacheka wote, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoishusha bei, maana blauzi zilikuwa elfu tano na nikazichukua elfu nne nne. Lakini kabla ya kulipa nilizigeuza ndani nje na kuzishika kwenye mwanga. Kwapani ndipo nguo inapozeekea. Pamba ikianza kuwa nyembamba pale, utaivaa mwezi mmoja. Kola inachakaa kwenye mkunjo. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu, isikwame. Doa usidanganywe linatoka, kama lingekuwa linatoka lingeshatoka. Kifungo kilichopotea ni jambo dogo, cha kumwombea punguzo. Kuhusu kitambaa, lebo ikiwepo soma, ikiwa imekatwa, nyumbani vuta uzi mmoja pindoni na uuchome: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama kitone cha plastiki. Sokoni usichome, watakufukuza.

Viatu vilimsumbua mwenzangu. Alipata vya ngozi, vyeusi, vinang'aa, soli haijaguswa. Wiki ya pili soli zikaanza kumeguka kama mkate mkavu, akawa anaacha vipande darasani. Kuna soli ambazo zikikaa miaka mingi stoo zinaoza zenyewe hata bila kuvaliwa. Vikunje kwa nguvu kabla hujalipa, na uibonyeze soli kwa ukucha. Ikipasuka au ikimeguka, rudisha. Mimi vyangu vya elfu 12 vilikuwa vimetumika kidogo, na hilo lilikuwa heri.

Nguo za ndani nunueni mpya tu. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku za mtumba, ingawa ukitembea masokoni utaziona. Na nguo yoyote ya mtumba ifuliwe na kupigwa pasi kabla haijagusa mwili, hata kama ina harufu nzuri.

Najua kuna mtakaoniuliza kwa nini mitumba, si tuwaunge mkono mafundi na viwanda vyetu. Swali zuri, na mimi linanisumbua. Bibi yangu anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, nguo ya dukani ilikuwa ya kupangia foleni, na mtu alikuwa na ya shamba na ya kanisani, basi. Mitumba iliingia kwa wingi biashara ilipolegezwa katikati ya muongo ule, na viwanda vya nguo vikayumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua mpaka 2019. Marekani ikaja na suala la AGOA. Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo wa kuuza nguo kule, sisi na wengine tukarudi nyuma. Kitenge na fundi mimi napenda, na sketi yangu ya kitenge ndiyo niliyoivaa zaidi. Lakini kitambaa na ufundi wa gauni moja ni bajeti yangu nzima ya mwaka ule. Wenye uwezo mshone.

Hesabu yangu ya mwaka wa pili ilikuwa hivi: sketi elfu 6, blauzi mbili elfu 8, viatu elfu 12, fundi elfu 3 za kuachia suti na 1,500 za kupandisha pindo. Jumla 30,500. Ile sketi ya elfu 6 niliivaa siku 16 katika mazoezi, nimezihesabu kwenye daftari, ni sh 375 kwa siku. Nilikosea pia, nisijifanye. Blauzi moja, ya rangi ya machungwa, ilichuja kwenye fua ya kwanza na kupaka shati la kidato cha sita, na kosa lilikuwa langu kwa kuziloweka pamoja. Shati lile likarudi kwenye kazi yake ya kulalia, na nikabaki na mivao sita. Ilitosha.

Msimamizi wa mwaka wa pili alinikuta nafundisha ngeli za nomino, ubao umejaa kuanzia juu kabisa, na pembeni tarehe na jina la somo. Hakusema chochote kuhusu nguo, wala mimi sikutaka aseme. Kipengele cha matumizi ya ubao alinipa alama zote isipokuwa moja, kwa sababu mwandiko wangu unapanda mlima. Hilo fundi cherehani hawezi kunisaidia.

Mazoezi yalipoisha nilipanda Mbinga kusalimia nyumbani, na zile 9,500 zilizobaki nikampa mama. Alizihesabu, akazifunga kwenye ncha ya khanga, halafu akaniambia nifungue begi aone hizo nguo. Akazigeuza moja moja ndani nje, kama yule fundi. Alipofika kwenye lile sweta la elfu 15 la mwaka wa kwanza akalivaa palepale juu ya gauni, akalinyoosha mikono.

"Hili wewe huko chuoni joto, utalifanyia nini," akasema, na akatoka nalo kwenda kuangalia kahawa.